Kuzuia maumivu ya kichwa baada ya ganzi ya mgongoni kwa mama anayejifungua kwa upasuaji

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mama mjamzito aliyeambiwa kuwa atajifungua kwa upasuaji, mama aliyejifungua kwa njia hiyo siku chache zilizopita, na ndugu wanaomhudumia nyumbani. Unaeleza kwa nini baadhi ya akina mama huumwa kichwa baada ya sindano ya ganzi ya mgongoni, nini huyazuia maumivu hayo, nini hakiyazuii, na lini urudi hospitali bila kusubiri.

Kwa ufupi:

- Maumivu haya hutokana na tundu dogo lililoachwa na sindano. Kwa hiyo kinga kubwa ni aina ya sindano na jinsi inavyochomwa.
- Kulala chali bila mto kwa saa 24 hakuzuii maumivu haya.
- Maumivu yana matibabu. Usiyavumilie kimya kimya.
- Si kila kichwa kinachouma baada ya kujifungua kinatokana na sindano. Presha, maambukizi na damu kuganda pia huleta maumivu ya kichwa, na vinaweza kuua.

Ganzi ya mgongoni ni nini?

Upasuaji wa kujifungua unaweza kufanyika mama akiwa amelazwa usingizi kabisa, yaani nusu kaputi, au akiwa macho baada ya kuchomwa ganzi ya mgongoni. Pale inapowezekana, wataalamu wengi huchagua ganzi ya mgongoni. Mama anaendelea kupumua mwenyewe, hatari ya chakula cha tumboni kuingia kwenye mapafu hupungua, na anamsikia mtoto wake akilia kwa mara ya kwanza.

Sindano huchomwa sehemu ya chini ya mgongo, karibu na kiuno. Dawa huwekwa ndani ya maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Baada ya dakika chache miguu inakuwa mizito na tumbo halisikii maumivu. Baada ya saa chache ganzi huisha na miguu hurudi katika hali yake.

Akina mama wengi huogopa kwamba sindano itachoma uti wa mgongo na kuwapoozesha. Kwa mtu mzima, uti wenyewe huishia juu zaidi ya pale sindano inapoingia. Sehemu inayochomwa ina maji na nyuzi za neva zinazoelea ndani yake. Madhara ya kudumu ya neva ni nadra sana.

Kwa nini kichwa kinauma?

Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yamefungwa ndani ya utando. Ubongo unaelea ndani ya maji hayo. Ili dawa ifike, sindano lazima itoboe utando. Mara nyingi tundu hujifunga lenyewe mapema. Lisipojifunga, maji huvuja kidogo kidogo, shinikizo linashuka, na ubongo hukosa kitu cha kuuegemeza vizuri. Mama akikaa au kusimama, ubongo huvutwa chini, mishipa ya damu kichwani hutanuka, na kichwa kinauma. Akilala, mvuto huo hupungua na maumivu hutulia.

Jambo hili lina umri sawa na ganzi yenyewe. Mwaka 1898 daktari Mjerumani August Bier alijaribu ganzi ya mgongoni, yeye na msaidizi wake wakichomana kwa zamu. Bomba na sindano havikushikana vizuri, maji mengi yakavuja, na Bier akalazimika kulala kitandani siku tisa kwa sababu ya kichwa. Alibainisha tangu wakati ule kwamba akilala anapata nafuu.

Akina mama wanaojifungua wako kwenye kundi linalopata maumivu haya zaidi: ni wanawake, ni vijana, na ndio kwanza wametoka kwenye ujauzito. Aliyewahi kuyapata kwenye upasuaji uliopita, au mwenye kipandauso, anapaswa kumwambia mtaalamu mapema.

Utayatambuaje?

Mara nyingi huanza ndani ya siku tatu baada ya sindano, na karibu yote huanza ndani ya siku tano. Alama yake kubwa ni hii: ukikaa au kusimama kichwa kinauma zaidi, ukilala, kinatulia ndani ya dakika chache. Maumivu huwa mbele ya kichwa, kisogoni, au vyote viwili. Yanaweza kuambatana na:

- shingo na mabega kukaza
- kichefuchefu au kutapika
- masikio kuvuma au kusikia kwa mbali
- mwanga kuumiza macho
- kizunguzungu, na mara chache kuona vitu viwili viwili

Kinachozuia kwanza: sindano yenyewe

Sindano za ganzi ya mgongoni hutofautiana kwa unene na kwa ncha.

Unene hupimwa kwa geji. Hapa hesabu inakwenda kinyume na unavyodhani: namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Geji 27 ni nyembamba kuliko geji 25, na geji 25 ni nyembamba kuliko geji 22. Tundu dogo huvujisha maji kidogo.

Ncha nazo ni za aina mbili kuu. Kuna ncha ya kukata, iliyochongwa upande kama kisu. Inayojulikana zaidi inaitwa Quincke. Na kuna ncha ya penseli, iliyochongoka pande zote, ambayo dawa yake hutokea kwenye kitundu cha ubavuni. Miongoni mwake ni Whitacre na Sprotte.

Tofauti yake utaielewa ukikumbuka wanunuzi wa mpunga. Mnunuzi anachoma gunia la katani kwa bambo ili aone mchele au mpunga ulio ndani. Akilichomoa, anasugua nyuzi kwa kidole na tundu linajifunga, kwa sababu bambo lilizisogeza nyuzi bila kuzikata. Lakini ukilichana gunia lilelile kwa kisu, nafaka itaendelea kumwagika. Ncha ya penseli husogeza nyuzi za utando. Ncha ya kukata huzikata.

Ushahidi wa jambo hili ni mwingi. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 110 kutoka nchi 29, zenye watu 31,412 waliochomwa sindano mgongoni kwa sababu mbalimbali. Kati ya waliochomwa sindano za kawaida, asilimia 11 waliumwa kichwa cha namna hii. Kati ya waliochomwa sindano za ncha ya penseli na zinazofanana nazo, ilikuwa asilimia 4.2. Yaani kati ya watu 100, wagonjwa 11 wanakuwa 4 kwa kubadilisha ncha tu, na ganzi inashika vilevile.

Ncha ya penseli huwa na bei kubwa kuliko ncha ya kukata, na vituo vingi katika nchi zetu bado hutumia ncha ya kukata kwa sababu ndiyo iliyopo stoo. Pale ilipo ya kukata peke yake, bado kuna la kufanya: kutumia sindano nyembamba, na kuielekeza ili makali yake yaende sambamba na urefu wa mgongo badala ya kuukata kwa upana. Mtaalamu anayefanya hivyo anampunguzia mama maumivu bila gharama ya ziada.

Mambo mengine yanayosaidia ni:

- Kuchoma mara chache iwezekanavyo. Kila jaribio linaweza kuongeza tundu. Sindano ikigoma mara mbili au tatu, ni busara kumwita mwenzake mwenye uzoefu zaidi.
- Kumweka mama vizuri kabla ya kuanza, badala ya kuharakisha.
- Kurudisha waya wa ndani ya sindano kabla ya kuichomoa. Ni hatua rahisi ambayo wataalamu wengi huifuata.

Wewe mama unaweza kufanya nini?

Kabla ya siku ya upasuaji, au hata pale mlangoni mwa chumba cha upasuaji kama ni dharura, sema na uliza:

- "Niliumwa sana kichwa baada ya sindano ya mgongoni kwenye uzazi uliopita," kama ndivyo ilivyokuwa.
- "Nina kipandauso," au "Presha yangu ilipanda wakati wa ujauzito."
- "Daktari, kuna sindano ya ncha ya penseli? Kama haipo, naomba ile nyembamba iliyopo."

Kuuliza hivi si utovu wa heshima. Ni haki yako kujua unachofanyiwa. Kama ni dharura na iliyopo ni ya kukata tu, usikatae upasuaji kwa sababu hiyo. Maumivu haya yanatibika; kuchelewesha upasuaji wa dharura kunaweza kukugharimu wewe au mtoto.

Wakati wa kuchomwa, ukiwa umekaa ukingoni mwa kitanda, shusha mabega, weka kidevu kifuani, na usukume kiuno nyuma, kama unavyoinama kuchambua mchele kwenye ungo ulio mapajani. Mkao huo hufungua nafasi kati ya pingili za mgongo, na sindano hupita kwa urahisi. Uchungu ukija, sema, ili mtaalamu asubiri upite. Usiruke wala kujinyoosha ghafla.

Kulala bila mto na kunywa maji mengi: je, vinazuia?

Katika wodi nyingi mama huambiwa alale chali, bila mto, asiinue kichwa kwa saa 24, la sivyo kichwa kitauma. Ushauri huu umerithishwa kwa miaka mingi na hutolewa kwa nia njema. Lakini mwaka 2016 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti 24 zenye karibu watu 3,000 na hawakuona kwamba kulala kunazuia maumivu haya. Kulala hutuliza kichwa kilichokwisha kuanza kuuma, lakini hakulizibi tundu.

Tena kulala muda mrefu kuna hasara. Mama aliyepasuliwa yuko kwenye hatari ya damu kuganda miguuni, na kutembea mapema ni sehemu ya kinga yake. Ganzi ikishaisha na wahudumu wakiruhusu, kaa, nyonyesha, kisha tembea polepole ukiwa na mtu pembeni. Ukitumia mto hukosei.

Maji nayo, kunywa ya kutosha kwa kiu yako na kwa ajili ya maziwa. Uji ni mzuri. Ila kujilazimisha kunywa kupita kiasi hakuzuii kichwa kuuma. Mwili wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji ya ubongo na uti wa mgongo kwa siku, na hauongezi kiasi hicho kwa sababu umekunywa jagi la pili.

Jambo hili lina maana kwa sababu moja nyingine. Mama akiumwa kichwa, mara nyingi huambiwa: "Uliinua kichwa, hukusikia." Si kweli. Hakufanya kosa lolote. Na mama anayeona aibu kwa kosa ambalo hakulifanya huficha maumivu yake.

Maumivu yakianzia nyumbani

Chukua mfano wa mama wa Bujora. Amejifungua kwa upasuaji jijini Mwanza siku ya Jumatatu, Jumatano ameruhusiwa. Ameshuka na gari Kisesa kwenye barabara ya Musoma, akapanda kilima hadi nyumbani. Alhamisi asubuhi anaamka kunyonyesha, na kichwa kinamshika kiasi cha kushindwa kukaa. Wodi aliyopasuliwa iko mbali, wageni wanakuja kumpongeza, na kila mmoja ana ushauri wake. Hapa ndipo siku zinapopotea.

Kabla hujaruhusiwa, omba mambo mawili: namba ya simu ya wodi, na karatasi ya ruhusa iliyoandikwa kwamba ulipewa ganzi ya mgongoni na tarehe yake. Mtoa huduma wa zahanati yoyote akiiona, ataelewa haraka.

Maumivu yakianza na huna dalili ya hatari katika orodha iliyo hapa chini:

- Piga simu wodini au nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni kwa ajili ya kupimwa tu.
- Lala pale maumivu yanapozidi, na nyonyesha ukiwa umelala ubavu. Endelea kusogeza miguu na kuamka kidogo kidogo.
- Tumia parasetamoli kama ulivyoelekezwa. Kwa mtu mzima, gramu 4 kwa siku ndiyo mwisho, yaani vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24.
- Kama umepewa diklofenaki, usiongeze ibuprofeni. Ni dawa za kundi moja, na kuzichanganya kunaumiza tumbo na figo.
- Kahawa au chai ya rangi yenye majani ya kutosha huweza kumpa nafuu kidogo mama katika siku ya kwanza. Vikombe viwili au vitatu kwa siku vinatosha, kwa kuwa kafeini huingia kwenye maziwa na kumkosesha mtoto usingizi.
- Usibebe ndoo wala kuni, na usijikamue sana chooni. Kula matunda na mboga ili choo kiwe laini.

Hospitali inaweza kufanya nini?

Maumivu mengi ya namna hii huisha yenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Lakini mama mwenye kichanga hawezi kuambiwa alale wiki mbili. Kama dawa hazikusaidii, kama huwezi kukaa ukanyonyesha au kujihudumia, omba kuonwa na mtaalamu wa usingizi na ganzi.

Tiba yenye nguvu zaidi inaitwa kiraka cha damu. Mtaalamu huchukua damu kidogo kutoka mkononi mwako, kwa usafi mkubwa, na kuiweka mgongoni nje ya utando, karibu na pale ulipochomwa. Damu huganda na kuziba tundu. Akina mama wengi hupata nafuu upesi. Wachache huhitaji kurudiwa. Tiba hii hutakiwa kufanywa na mtaalamu mwenye ujuzi, kwa hiyo mara nyingi hupatikana hospitali kubwa kwa rufaa. Kwa mkazi wa Bujora, rufaa huweza kupitia hospitali ya wilaya ya Magu au ya mkoa, Sekou Toure, hadi Bugando, ambayo ni hospitali ya kanda ya Ziwa. Haifanywi ukiwa na homa au maambukizi kwenye damu.

Rudi hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona:

- Kichwa kinauma sana na hakibadiliki ukilala, au kilikuwa kinatulia ukilala na sasa hakitulii tena
- Macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo, uso na mikono kuvimba, au presha ya 140/90 na kuendelea. Kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya kujifungua, hadi wiki sita
- Degedege au kupoteza fahamu
- Homa pamoja na shingo kukakamaa. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo
- Udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande, au kushindwa kuzungumza
- Kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida
- Miguu kufa ganzi upya, au kushindwa kuzuia mkojo au choo
- Usaha au maumivu makali yanayozidi pale ulipochomwa mgongoni

Ukanda wa Ziwa una malaria nyingi, na malaria huleta homa na kichwa. Pimwa. Lakini kipimo cha malaria kikiwa na majibu yoyote, mama aliyejifungua ndani ya wiki sita lazima apimwe na presha pia. Usikubali kupewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani bila kupimwa presha. Na usinunue dawa dukani siku baada ya siku bila kuonwa.

Kwa mume, mama mkwe na ndugu

Mama akisema kichwa kinamshika akikaa, mwamini. Si uvivu, wala hakuvunja mwiko wowote. Chukueni kazi za maji, kuni na jiko. Mleteeni mtoto alipolala, ampakate na kumnyonyesha bila kuinuka. Wageni wapokelewe nje, wamwache apumzike. Na ziwekwe fedha za nauli pembeni tangu siku anayoruhusiwa, ili ikibidi kurudi Mwanza usiku, safari isisubiri asubuhi.

Ukipata mimba nyingine

Kuumwa kichwa mara moja hakukuzuii kupewa ganzi ya mgongoni tena. Mweleze mtaalamu kilichotokea, iandikwe kwenye kadi yako ya kliniki, na ulizia mapema sindano itakayotumika.

Maelezo haya ni ya elimu na hayachukui nafasi ya ushauri wa mtoa huduma aliyekuona. Ukiwa na shaka, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe.